Kipimo cha Sukari kwa Mtu na kwa Paka

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Limepigwa chapa ili lisomwe darasani baada ya kusikilizwa.

Leo tuna somo la historia, lakini si historia ya watemi wala ya vita. Ni historia ya kipimo kimoja. Tutaona jinsi watu walivyojifunza kupima sukari iliyomo katika damu, na jinsi kipimo hicho kilivyotoka kwa mtu kikafika mpaka kwa paka.

Najua wewe mwenyeji wa Kaoze utauliza, "Paka na sukari, wapi na wapi?" Ni swali la haki. Paka wa Kaoze kazi yake yajulikana. Mchana analala, na usiku analinda mpunga na mahindi yasiliwe na panya. Hatukumzoea kama mgonjwa. Lakini paka naye aweza kupata ugonjwa wa sukari kama mtu. Na alipoupata, madaktari wa wanyama walichukua vipimo vilivyotengenezwa kwa ajili ya watu, wakampimia. Hapo wakaona jambo ambalo lafaa kujulikana na kila mtu anayechomwa kidole katika zahanati. Waliona kwamba kipimo chaweza kuwa kizima, bila ufa wala kutu, na bado kikakuambia jambo lisilo kweli.

1. Debe moja, mizigo miwili

Tuanze na kitu unachokijua. Chukua debe. Lijaze mahindi makavu, ulipime katika mizani. Kisha limwage, ulijaze mpunga ambao haujakobolewa, ulipime tena. Debe ni lile lile, halikutoboka wala halikubonyea. Lakini debe la mpunga ni jepesi kuliko debe la mahindi. Basi mtu aliyejifunza uzito wa debe kwa mahindi, akaja kununua mpunga kwa hesabu ile ile, atakosea. Debe halina kosa. Kosa ni kutumia hesabu ya mahindi kwa mpunga.

Tena fikiri juu ya mkaguzi wa mizani. Yeye hatazami mizani kwa macho tu akasema ni nzuri. Huja na jiwe la mizani ambalo uzito wake umehakikishwa, tuseme kilo 20. Huliweka juu ya mizani. Mizani ikisema 20, mkulima atapata haki yake. Ikisema 18, mkulima ataibiwa kila gunia mpaka mwisho wa msimu.

Shika mambo haya mawili, ndugu. Kwanza, kipimo hujaribiwa kwa kulinganishwa na kipimo kingine cha kuaminika zaidi. Pili, kipimo kilichojaribiwa kwa kitu kimoja si lazima kiwe sahihi kwa kitu kingine. Historia yote ya leo imo katika mambo hayo.

2. Mkojo mtamu

Ugonjwa wa sukari ni wa zamani sana. Waganga wa Bara Hindi, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, waliona kwamba wako watu wanaokojoa sana, wanaokonda, na ambao mkojo wao huvuta sisimizi. Waliuita ugonjwa wa mkojo wa asali. Sisimizi ndio waliokuwa kipimo.

Katika karne ya 17 daktari wa Uingereza, Thomas Willis, aliandika kwamba mkojo wa wagonjwa hao ni mtamu. Mwaka wa 1776 daktari mwingine wa Uingereza, Matthew Dobson wa mji wa Liverpool, alitangaza jambo kubwa zaidi. Aliukausha mkojo wa mgonjwa juu ya moto, ikabaki chembe kama sukari. Kisha akaona kwamba hata maji ya damu ya mgonjwa ni matamu. Kwa hiyo sukari haikuanzia katika figo. Ilikuwamo katika damu, na mkojo ulikuwa mlango wa kutokea tu.

Basi ikajulikana kwamba mtu atakaye kuujua ugonjwa huu hana budi kupima damu. Lakini kwa miaka mingi kupima damu kulikuwa kazi ngumu, yenye kutaka damu nyingi na chumba cha wataalamu. Kwa hiyo watu waliendelea kupima mkojo.

3. Mwaka wa 1889, Strasbourg na Karema

Mwaka wa 1889, katika mji wa Strasbourg, ambao wakati ule ulikuwa chini ya Ujerumani, madaktari wawili, Oskar Minkowski na Joseph von Mering, walimtoa mbwa kongosho. Kongosho ni kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula. Mbwa yule akaanza kukojoa sana, na mkojo wake ulipopimwa ulikutwa na sukari. Hivyo ndivyo watu walivyojua kwamba ugonjwa wa sukari una uhusiano na kongosho. Angalia, ndugu, kwamba mwalimu wa kwanza katika jambo hili alikuwa mnyama.

Mwaka ule ule wa 1889, upande wetu, alifika Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika, kijana mmoja aliyeitwa Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, Afrika ya Magharibi. Utotoni alinyakuliwa na wafanya biashara ya watumwa, akakombolewa, akapelekwa kusoma udaktari katika kisiwa cha Malta. Alitibu watu wa Karema mpaka uzeeni, akafa mwaka wa 1956. Hospitali moja mjini Sumbawanga yaitwa kwa jina lake. Namtaja hapa ili upate kuzipima zamani hizi kwa maisha ya mtu mmoja wa kwetu. Alipofika Karema, ndiyo kwanza watu wameanza kuijua kazi ya kongosho. Utaona baadaye mambo yalikuwa yamefika wapi alipofariki.

Kiangazi cha mwaka wa 1921, katika mji wa Toronto nchini Kanada, Frederick Banting na Charles Best walipata katika kongosho za mbwa dawa inayoshusha sukari ya damu. Dawa hiyo ndiyo insulini. Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa dawa hiyo. Mara ya kwanza haikumfaa sana. Mwenzao James Collip akaisafisha zaidi, na mara ya pili sukari ya kijana ikashuka, akapata nguvu. Tangu hapo, kwa miaka mingi, insulini ilitolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe waliochinjwa. Na iko ajabu moja. Insulini ya mwili wa paka inafanana sana na ya ng'ombe, kuliko inavyofanana na ya mtu.

Lakini insulini ilileta hatari mpya. Sukari ikizidi, mgonjwa huumia polepole. Sukari ikishuka mno kwa sababu ya dawa nyingi, mgonjwa hutokwa na jasho, hutetemeka, huchanganyikiwa, huzimia, na aweza kufa usiku huo huo. Kabla ya insulini, kipimo kibaya kilikuwa hasara ya elimu tu. Baada ya insulini, kipimo kibaya kikawa jambo la kufa na kupona.

4. Rangi katika karatasi

Mwanzoni mwa karne ya 20, Mmarekani Stanley Benedict alitengeneza dawa ya maji yenye rangi ya buluu. Ukitia mkojo ndani yake na kuichemsha, rangi hubadilika. Sukari kidogo hutoa kijani, ikizidi hutoa manjano, na ikiwa nyingi sana hutoa rangi ya tofali. Watoto wako wa sekondari wanaitumia dawa hiyo hiyo mpaka leo katika chumba cha sayansi kupimia sukari ya vyakula.

Mwaka wa 1956, mwaka ule aliofariki Atiman, karatasi nyembamba iitwayo Clinistix ilianza kuuzwa. Hapana moto wala chupa. Unaitia katika mkojo, unaitoa, unatazama rangi. Katikati ya miaka ya 1960 ikaja karatasi ya kupimia tone la damu, iitwayo Dextrostix. Unatia tone, unangoja dakika moja, unaosha kwa maji, unalinganisha rangi na picha. Mwaka wa 1970 ikatoka mashine ya kusoma rangi hiyo badala ya jicho la mtu. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja, nayo ilitumiwa na madaktari tu.

Kwa nini watu walitaka kuuacha mkojo? Kwa sababu mkojo huchelewa kusema. Figo huizuia sukari isitoke mpaka izidi kiasi fulani katika damu. Kwa mtu kiasi hicho ni nambari 10 hivi, kwa hesabu ya milimoli katika lita moja, ambayo ndiyo hesabu inayoandikwa na vipimo vya hospitali zetu. Mtu mwenye afya ambaye hajala huwa chini ya 6. Kwa hiyo mtu aweza kuwa na 8 au 9, naye mkojo wake ukaonekana safi.

Sasa mtazame paka. Figo zake huizuia sukari mpaka ifike 15 hivi. Basi paka aweza kuwa na 13, hali ambayo kwa mtu ingeonekana wazi katika mkojo, na karatasi yako isigeuke rangi hata kidogo. Hapo ndipo hesabu ya debe la mahindi ilipotumiwa kwa mpunga kwa mara ya kwanza katika habari yetu.

5. Vijiji sita vya Tanzania

Kabla hatujaendelea na paka, turudi kwetu. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba ugonjwa wa sukari ni haba kwa Waafrika wa vijijini. Lakini usemi si kipimo. Katika miaka ya 1980 madaktari wa Muhimbili, Dar es Salaam, wakiwamo Donald McLarty na Andrew Swai, waliamua kupima. Walikwenda katika vijiji sita vya mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara. Walipima watu zaidi ya 6,000 wa umri wa miaka 15 na zaidi. Kila mmoja alinyweshwa maji yenye gramu 75 za glukosi, na damu yake ikapimwa baadaye. Majibu yakatangazwa mwaka wa 1989, miaka mia moja kamili baada ya mbwa wa Strasbourg. Wenye ugonjwa walikuwa chini ya mtu mmoja katika kila watu 100.

Mwaka wa 2012 uchunguzi mwingine wa taifa ulipima watu wazima wa miaka 25 mpaka 64. Safari hii walikuwa watu 9 katika kila 100. Je, twaweza kusema ugonjwa umeongezeka mara tisa? Hapana, si kwa haraka hivyo. Uchunguzi wa kwanza ulikuwa wa vijiji sita, ukahesabu na vijana wa miaka 15. Wa pili ulihesabu mijini na vijijini, bila vijana hao, na namna ya kupima ilikuwa nyingine. Kwamba ugonjwa umeongezeka, madaktari hawana shaka, maana wagonjwa wanaonekana katika kliniki. Lakini kiasi cha kuongezeka hakipatikani kwa kuchukua nambari mbili zilizopimwa kwa njia mbili na kuzigawanya.

6. Paka na tone la damu

Sasa tumfikie paka. Paka anayeupata ugonjwa huu, kwa kawaida, si yule mwembamba anayewinda panya usiku kucha. Ni paka mzee, mara nyingi dume aliyehasiwa, mnene, anayekaa ndani na kulishwa. Nchini Uingereza, ambako paka wengi wanaishi hivyo, hesabu za madaktari wa wanyama zimeonyesha paka mmoja hivi mwenye ugonjwa huu katika kila paka 200. Hutibiwa kwa insulini na chakula kisicho na wanga mwingi. Na wako paka ambao, wakitibiwa mapema, kongosho zao hupata nguvu tena hata wasihitaji dawa. Jambo hilo ni jema, lakini lina hatari yake. Paka aliyepona akiendelea kudungwa, sukari itashuka mno. Kwa hiyo mwenye paka hana budi kupima mara kwa mara.

Vipimo vidogo vya damu ya mtu vilipokuwa rahisi, watu wakavitumia kwa paka. Walichoma sikio, wakapata tone, wakasoma nambari. Lakini nambari hizo zilipolinganishwa na za maabara kubwa, hazikukubaliana. Kwa kawaida kipimo cha mtu kilisema sukari ya paka ni ndogo kuliko ilivyo kweli. Kwa nini?

Damu ina sehemu mbili kubwa, yaani maji yake na chembe nyekundu. Kwa mtu, katika kila sehemu 100 za sukari ya damu, 58 hivi zimo katika maji na 42 hivi katika chembe nyekundu. Kwa paka, 93 hivi zimo katika maji, na 7 tu katika chembe. Kipimo kidogo hupokea tone zima la damu, kisha hufanya hesabu ndani yake ili kitoe jibu la maji ya damu. Hesabu hiyo iliwekwa na watengenezaji kwa kadiri ya damu ya mtu. Ukikitia damu ya paka, kinafanya hesabu ya mtu. Ni lile debe letu. Kwa sababu hiyo, katika miaka ya 2000 vilitengenezwa vipimo vya wanyama, vyenye hesabu ya paka na hesabu ya mbwa mbali mbali. Na mtu akisahau kukichagulia mnyama, kipimo kitakosea vile vile.

Tena iko shida nyingine ya paka, nayo ni hofu. Paka akishikwa, akatiwa kapuni, akasafirishwa, akawekwa juu ya meza mbele ya mbwa wanaobweka, sukari yake hupanda ghafla ingawa si mgonjwa. Mwaka wa 2002 watafiti walitangaza habari za jaribio walilofanya kwa paka wenye afya. Waliwaosha kwa maji, jambo ambalo paka hulichukia. Wale waliopigana sana na kuhangaika ndio ambao sukari yao ilipanda sana, na baadaye ikashuka yenyewe. Basi daktari aweza kuwa na kipimo sahihi kabisa, akapata nambari sahihi kabisa, lakini nambari hiyo ikawa ni ya hofu. Akiongeza dawa kwa ajili yake, paka atarudi nyumbani, hofu itamtoka, sukari itashuka, na dawa itaendelea kuishusha.

7. Kipimo cha kubandika

Mwaka wa 1962 Mmarekani Leland Clark na mwenzake walieleza njia mpya ya kupima. Kiko kitu kinachoitwa kimeng'enya, ambacho hukutana na glukosi na kuibadilisha. Kazi hiyo ikifanyika juu ya waya, mkondo mdogo wa umeme hupatikana. Sukari nyingi, umeme mwingi. Sukari kidogo, umeme kidogo. Kwa njia hiyo rangi haikuhitajiwa tena.

Mwaka wa 1999 serikali ya Marekani iliruhusu kipimo cha kwanza cha kukaa mwilini mwa mtu kwa siku tatu na kupima mfululizo, mchana na usiku. Mgonjwa alilazimika kuendelea kuchoma kidole ili kukisahihisha. Mwaka wa 2014, katika Ulaya, kikatoka kiitwacho FreeStyle Libre. Ni kama kifungo cha koti, hubandikwa mkononi, na uzi mwembamba huingia chini ya ngozi. Kimesahihishwa tayari kiwandani, nacho hukaa siku 14. Haikuchukua muda, madaktari wa wanyama wakamnyoa paka manyoya kidogo ubavuni au shingoni, wakambandika.

Je, kinasema kweli? Sikiliza kwa makini, maana jibu lina sehemu kadha.

Kwanza, kipimo hiki hakipimi damu. Kinapima maji yaliyo kati ya chembe za mwili, chini ya ngozi. Sukari hutoka katika damu ikaingia katika maji hayo, na safari hiyo huchukua muda. Wakati sukari imetulia, damu na maji hayo hukaribiana. Wakati inapanda au kushuka kwa haraka, kipimo hubaki nyuma. Tuchukue mfano. Sukari ya paka inashuka mbio, katika damu imefika 4, lakini kipimo bado kinasema 7. Mwenye paka akitazama 7 atatulia, kumbe hatari imekwisha kuingia mlangoni.

Pili, kimejaribiwa kwa paka kwa kulinganishwa na damu, kama mizani na jiwe lake. Iko kanuni ya kimataifa ya mwaka 2013 kwa vipimo vya damu ya watu. Yasema kwamba sukari ikiwa 5.6 au zaidi, majibu 95 katika kila 100 yasipotee zaidi ya asilimia 15 ya ukweli. Watafiti waliojaribu kipimo cha kubandika kwa paka, wakiwamo wa Italia waliotangaza majibu yao mwaka wa 2021, waliona hakikuitimiza kanuni hiyo kali. Lakini walipouliza swali jingine, yaani, je, kosa hili lingemfanya daktari atoe dawa isiyofaa, walikuta kwamba karibu majibu yote hayangempotosha. Wasiwasi hubaki zaidi pale sukari inapokuwa chini, na hapo ndipo hatari ya kufa ilipo.

Tatu, mwili wa paka si mkono wa mtu. Ngozi yake ni nyembamba na yenye kulegea, naye hujikuna, hujilamba na kupita mahali pembamba. Mara nyingi kipimo hutoka au huacha kusema kabla ya siku 14. Tena sukari ikizidi 27.8 hakitoi nambari, husema tu kwamba iko juu mno, na paka mgonjwa sana aweza kupita hapo.

Sasa nakuomba ufikiri nami. Kipimo cha damu katika meza ya daktari ni sahihi zaidi, lakini huenda kikampima paka mwenye hofu. Kipimo cha kubandika hupotea kidogo, lakini humpima paka aliyelala mahali pake, mchana na usiku, bila kushikwa na mtu. Kipi ni bora? Yategemea wataka kujua nini. Ukitaka kujua sukari inavyokwenda kwa siku nzima, saa ngapi hushuka na saa ngapi hupanda, cha kubandika kinakufaa kuliko tone moja lililotolewa kwa kupigana. Ukiona dalili za kushuka, au nambari isiyolingana na hali ya mnyama, chukua damu. Madaktari waliojifunza jambo hili hutumia vyote viwili, na kila kimoja hukiuliza swali lake.

8. Nini chatufaa sisi

Mtu aweza kusema kwamba paka wa Kaoze hahitaji kifungo cha namna hiyo. Kweli, hahitaji. Awinde panya. Lakini wewe na mzee wako mnahitaji kukumbuka yaliyopatikana kwa paka, kwa sababu katika zahanati zetu kipimo kidogo cha damu kipo, nacho chaweza kudanganywa.

Kikumbuke kidole. Mtu aliyetoka kumenya embe au kutafuna muwa, akapimwa bila kunawa mikono, sukari ya embe itahesabiwa kuwa ni ya damu yake. Nawa kwa maji na sabuni, ukauke, ndipo uchomwe.

Zikumbuke karatasi za kupimia. Joto na unyevu huziharibu, na huku bondeni joto ni kali kuliko Sumbawanga. Chupa yake ifungwe sawasawa, isiachwe juani, na tarehe iliyoandikwa juu yake itazamwe.

Ikumbuke damu yenyewe. Mtu aliyepungukiwa na damu, kwa mfano baada ya malaria kali, ana chembe nyekundu chache. Kwake yeye kipimo kidogo huelekea kusema sukari ni nyingi kuliko ilivyo. Ona sasa, hata kati ya mtu na mtu, hesabu moja haiwatoshi wote. Kama mzee wako ameambiwa ana upungufu wa damu, mwambie mganga anayempima sukari, asije akaongezewa dawa kwa nambari ya uongo.

Na kikumbuke kitu kikubwa kuliko vyote. Mgonjwa anayetumia insulini akitetemeka, akitoka jasho na kusema maneno yasiyoeleweka, huku kipimo kinasema yu salama, usibishane na mgonjwa. Pimeni tena. Na kama hakuna njia ya kupima upesi, naye anaweza kumeza, apewe kitu chenye sukari, apelekwe kwa mganga mara moja. Wala mtu asiongeze dawa wala asiiache kwa sababu ya nambari moja tu. Aulize kwanza imetoka wapi, imepimwa saa ngapi, na kabla ya chakula au baada yake.

Maswali ya kuzungumzia darasani

Moja. Kwa nini debe la mpunga na debe la mahindi hayana uzito mmoja? Eleza jinsi jambo hili linavyofanana na kipimo cha damu ya mtu kilichotumiwa kwa paka.

Mbili. Figo za mtu na figo za paka huanza kuiachia sukari katika nambari zipi? Basi mkojo safi wa paka watuambia nini, na hautuambii nini?

Tatu. Kwa nini hatuwezi kugawanya nambari ya 2012 kwa nambari ya 1989 tukasema ugonjwa umeongezeka mara tisa?

Nne. Mama mmoja amepimwa sukari baada ya kuuza maembe sokoni. Kipimo kimesema 14. Mpe mashauri kabla hajaingiwa na hofu.

Tano. Taja vipimo vingine mnavyovitumia kijijini kwenu, kama vile debe, mizani na kamba ya kupimia shamba. Kila kimoja nani hukikagua, na kwa kukilinganisha na kitu gani?

Andikeni majibu katika madaftari, mkayasome kwa zamu. Asiyeweza bado kuandika sana, aandike nambari na miaka, wenzake wamsaidie maneno. Kwa herini, ndugu, mpaka somo lijalo.